Sumu Inayorushwa Juu ya Ukuta

Mitaani Johannesburg na Pretoria kuna sumu iliyopewa jina la "hatua mbili". Ni punje ndogo nyeusi, kitaalamu huitwa aldikabu, na jina hilo la mtaani limetokana na namna inavyosemwa kwamba mbwa aliyeila hufa: hatua mbili, kisha chini. Mwizi huichanganya na soseji au nyama ya kusaga, huirusha juu ya ukuta usiku, hungoja mpaka kubweka kukome, ndipo naye huruka ndani. Kemikali hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu na minyoo ya mashambani. Imo katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali hatari tangu mwaka 2011, na Afrika Kusini yenyewe imeipiga marufuku. Hata hivyo huuzwa kwa kificho, pamoja na sumu nyingine za shambani zinazofungwa kwenye vipakiti na kuchuuzwa vichochoroni kama sumu ya panya.

Biashara hiyohiyo ya vichochoroni imeua watoto. Oktoba 2024 watoto sita wa mtaa wa Naledi, Soweto, walikufa, na vipimo vya maabara vikaonyesha terbufosi, dawa nyingine kali ya mashambani. Rais Cyril Ramaphosa alipolihutubia taifa mwezi uliofuata, watoto wasiopungua 22 walikuwa wamekwisha kufa nchini humo. Madaktari wa mifugo walikuwa wamezikuta sumu za aina hii matumboni mwa mbwa kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kila mbwa aliyezikwa bila uchunguzi alikuwa dalili kwamba sumu imezagaa mtaani, na dalili hiyo ilipuuzwa kwa sababu aliyekufa alikuwa mbwa.

Afrika Mashariki haiko mbali na hali hiyo. Nchini Kenya, kwa miaka mingi mtu aliweza kuingia duka la pembejeo na kununua kabofurani, iliyofahamika zaidi kwa jina la biashara la Furadan, bila kuulizwa lolote. Punje zake za zambarau zilikusudiwa kulinda mazao. Huko Bunyala, kaunti ya Busia, wawindaji haramu walizitega ili kuwaua ndege wa majini na kuuza nyama yao. Wafugaji wenye uchungu wa ng'ombe wao walizinyunyiza kwenye mizoga ili kuwaua simba. Mwaka 2009, baada ya kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kuonyesha simba wa Kenya waliokufa kwa sumu hiyo, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya. Sumu za jamii hiyo hazikwisha. Desemba 2015, katika Maasai Mara, simba jike mkongwe aliyejulikana kama Bibi alikufa pamoja na wenzake baada ya kula mzoga uliotiwa sumu, na dunia nzima ikapata habari. Watu walikamatwa.

Mbwa wa familia anayekufa kwa sumu kama hiyo Kitengela nchini Kenya au Kimara nchini Tanzania haandikwi popote. Watoto wanaamka asubuhi wanamkuta Simba au Tomi amelala karibu na geti, povu limekauka mdomoni, nzi wameanza kutua. Baba anachimba shimo nyuma ya nyumba kabla ya kwenda kazini. Majirani wanatoa pole za haraka, mmoja anasema bora angekuwa ng'ombe, na habari inaishia hapo. Mkasa huu unahitaji kutazamwa upya. Aliyemuua mbwa huyo amevunja sheria, ameingiza sumu ndani ya ua ambamo watoto hucheza, na mara nyingi ameacha nyuma yake ushahidi wa kutosha kumfikisha mahakamani kama kuna mtu atakayejali kuukusanya.

Wanaofanya hivi wana sababu zao. Mwizi anataka njia. Jirani amechoka kukosa usingizi kwa kubweka, au kuku wake wameliwa, au ana ugomvi wa mpaka na mwenye mbwa na hathubutu kumgusa mwenyewe. Huyu wa mwisho ndiye anayeumiza zaidi, maana ni mtu anayesalimiwa kila asubuhi. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na familia nyingi zilizopoteza mbwa hivi zinamjua mtu huyo, au zinadhani zinamjua, na shaka hiyo hukaa katikati ya nyumba mbili kwa miaka. Watoto huambiwa wasiende tena kucheza kule. Salamu hukatika. Msibani watu hukaa mbalimbali.

Kifo chenyewe si cha haraka kama jina la "hatua mbili" linavyodai. Sumu za jamii ya kabofurani na aldikabu huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Mate humtoka mbwa bila kukoma, hutapika, huharisha, misuli hutetemeka chini ya ngozi, na mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano. Mapafu hujaa majimaji, naye anakufa kwa kukosa pumzi. Striknini, ambayo halmashauri nyingi za Afrika zimeitumia kuua mbwa wazururaji, ni mbaya kwa namna nyingine: miguu hukakamaa, mgongo hupinda, na mlango ukigongwa au mtu akimshika, degedege linaanza upya. Katika mateso hayo ya striknini mbwa huwa na fahamu zake. Anamwona mwenye nyumba, anaisikia sauti yake.

Hapo ndipo familia hukimbilia maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kupikia na mkaa uliopondwa. Nia ni njema, lakini mbwa mwenye degedege akinyweshwa kitu kwa nguvu huweza kukivuta mapafuni akafa kwa hicho kabla ya sumu. Kwa sumu za jamii ya kabofurani ipo dawa inayojulikana, atropini, ambayo daktari wa mifugo huichoma sindano na kuirudia kadiri dalili zinavyokwenda. Mbwa waliofikishwa mapema wameokolewa nayo. Tatizo ni kwamba nyama hurushwa usiku wa manane, na daktari wa mifugo wa kata, kama yupo, anaishi mbali na hana usafiri.

Sheria ipo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama, na mbwa yumo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyorithiwa karibu na uhuru. Tena mbwa wa mtu ni mali ya mtu, na kuua mali ya mtu kwa makusudi ni kosa. Kinachokosekana ni askari wa kaunta ya polisi anayekubali kuandika taarifa. Mwenye mbwa akifika kituoni kuomba namba ya OB, au RB kama wanavyosema Tanzania, mara nyingi hukutana na kicheko, kisha huulizwa kama ameibiwa kitu kingine. Akisema hajaibiwa anarudishwa nyumbani. Siku tatu baadaye wezi wanakuja, maana njia ilishasafishwa, na sasa polisi wanaandika taarifa ndefu ya televisheni, simu na mitungi ya gesi. Kosa la kwanza, ambalo lingewapa mwanzo wa uchunguzi, halimo ndani yake.

Uingereza, ambako sheria hii ya Kenya ilichotwa, imekwisha kubadilika. Kwa muda mrefu adhabu ya juu ya kumtesa mnyama katika Uingereza na Wales ilikuwa miezi 6 gerezani, na mahakimu walilalamika mara kwa mara kwamba wamefungwa mikono mbele ya watu waliofanya mambo ya kutisha. Tangu Juni 2021 adhabu hiyo imepanda hadi miaka 5. Marekani nayo ilichukua hatua mbili kubwa. Kuanzia 2016 shirika la upelelezi la FBI linakusanya takwimu za ukatili kwa wanyama kama kundi la makosa linalojitegemea, na Novemba 2019 ilisainiwa sheria ya taifa zima inayoufanya ukatili mkubwa kwa wanyama kuwa jinai ya shirikisho.

FBI haikufanya hivyo kwa huruma peke yake. Watafiti wa Massachusetts waliwafuatilia watu 153 walioshtakiwa kwa kuwatendea wanyama ukatili, wakawalinganisha na majirani zao wa jinsia na umri uleule. Walioshtakiwa walikuwa na uwezekano wa mara tano zaidi wa kukutwa na makosa ya kutumia nguvu dhidi ya watu. Inafaa kuwa mwaminifu hapa: utafiti huo haukuonyesha kwamba mtu huanza na mbwa kisha akapanda ngazi hadi kwa binadamu. Ulionyesha kwamba makosa hayo hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja, moja likitangulia leo na jingine kesho. Kwa askari wa kawaida hilo linatosha. Mtu aliyemkata panga mbwa wa jirani ni mtu wa kufuatiliwa.

Na kuna nyumba ambamo muuaji hakuruka ukuta wowote. Mwaka 1998 mtafiti Frank Ascione alichapisha matokeo ya mahojiano na wanawake waliokimbilia makazi ya hifadhi katika jimbo la Utah baada ya vipigo. Kati ya waliokuwa na wanyama nyumbani, asilimia 71 walisema mume au mwenza wao alikwisha kumtishia, kumjeruhi au kumuua mnyama huyo. Mbwa anayependwa na mama na watoto huwa fimbo ya kuwachapia. Mwanamume hana haja ya kumpiga mtu usiku huo. Anamtoa mbwa nje, wote wanasikia, na ujumbe umefika. Wengine walikiri kwamba walichelewa kuikimbia nyumba kwa kuogopa kumwacha mnyama nyuma. Ofisa ustawi wa jamii anayeitembelea familia yenye ugomvi hapa Afrika Mashariki angefanya vyema kumuuliza mtoto kuhusu mbwa. Mtoto anayenyamaza kuhusu mama yake huenda akaeleza kilichompata mbwa.

Serikali nazo zina lao katika hili. Kichaa cha mbwa kinapozuka, tangazo huwa lilelile: mbwa wote wazururaji watauawa. Risasi au striknini hutumika, na wanaokufa si wazururaji tu. Mbwa mwenye wenyewe aliyetoka getini, mbwa wa mchungaji aliyetangulia mbele ya mbuzi, mbwa aliyechanjwa wiki mbili zilizopita na cheti chake kiko kabatini, wote huanguka. Hofu ya wananchi ni ya haki kabisa. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na Tanzania peke yake imewahi kukadiriwa kupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto wa vijijini. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Mzazi aliyemwona mtoto wake akiogopa maji ya kunywa hawezi kulaumiwa kwa kumchukia mbwa.

Lakini kuua hakumalizi ugonjwa, na hilo limejaribiwa kwa gharama kubwa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi 1997, ugonjwa ulipoingia na mbwa waliosafirishwa kwa mashua ya wavuvi kutoka kisiwa kingine. Serikali iliamuru mbwa wauawe, na mamia ya maelfu wakauawa. Ugonjwa ulibaki. Watu waliwaficha mbwa wao, waliwahamishia vijiji vingine usiku, na waliopoteza mbwa walitafuta wengine wachanga wasiochanjwa. Virusi vilisafiri pamoja nao. Katika kisiwa cha Bali, ugonjwa ulipofika mwaka 2008, nako walianza kwa kuua, hali ikazidi kuwa mbaya mpaka walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima.

Mfano bora zaidi uko hapa nyumbani. Pemba ilianza kampeni za kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kililetwa tena kutoka nje. Badala ya kukata tamaa, wataalamu wa Tanzania na wenzao walimfuatilia kila aliyeng'atwa, wakasoma vinasaba vya virusi kujua vimetoka wapi, na chanjo ikarudiwa. Kufikia mwisho wa 2018 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa kwa mara ya pili. Kanuni inayotumika huko ndiyo ileile inayotumika kwingine: chanja asilimia 70 ya mbwa, na mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa hesabu hiyo, kila mbwa aliyechanjwa anayeuawa hupunguza kinga ya kijiji. Tena mbwa aliyemng'ata mtu, kama anaweza kufungiwa salama, hutakiwa kutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, aliyeng'atwa ana jibu. Akiuawa palepale na kutupwa, jibu limetupwa naye, na familia ya mgonjwa inabaki kununua dozi zote za chanjo ikiwa gizani.

Pemba ina somo jingine. Ni kisiwa cha Waislamu, na wengi wao hawafugi mbwa ndani ya nyumba wala hawapendi mate yake yawaguse nguo za sala. Hayo ni masuala ya twahara, na mtu ana haki ya kuyashika. Lakini pwani kuna vijana wanaompiga mawe mbwa wakidhani dini imewaruhusu, na hapo wamekosea njia. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim yumo mwanamke kahaba aliyesamehewa madhambi yake kwa sababu ya kumnywesha mbwa mwenye kiu, akitumia kiatu chake kuteka maji kisimani. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyelala mlangoni pamoja nao. Masheikh wanaoyaeleza haya madrasa wanawaokoa mbwa wengi kuliko askari yeyote.

Wenye mbwa nao wana deni. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa na kuachiwa mtaani usiku atakula kuku wa watu, atamng'ata mwanafunzi anayewahi shule, na atabweka mpaka alfajiri. Jirani anayelalamika mara tatu bila kusikilizwa hana ruhusa ya kununua sumu, lakini ana haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa chifu au kwa kamati ya Nyumba Kumi, na mwenye mbwa aitwe, alipe kuku wa watu na afunge geti lake. Viongozi wa mtaa wanaosuluhisha ugomvi wa maji na mipaka wanaweza kabisa kusuluhisha huu. Wanaouona kuwa mdogo mno kwao ndio wanaouacha ukue mpaka nyama irushwe.

Kwa familia iliyokwisha kupatwa, saa za kwanza ni za thamani. Mabaki ya nyama na matapishi yasiokotwe kwa mikono mitupu, kwa sababu sumu hizi huweza kupenya kwenye ngozi ya binadamu. Yafungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa mbali na watoto na kuku. Mahali palipookotwa papigwe picha. Mwili wa mbwa usizikwe kabla daktari wa mifugo hajauona, na sampuli zinaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Nairobi au Dar es Salaam. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno wanayoyaweza. Anayeambiwa kwamba mbwa amepelekwa shamba hukaa getini akimsubiri, na siku atakapousikia ukweli kwa mtoto wa jirani atakuwa amepoteza mbwa na imani kwa wazazi wake kwa pamoja.

Wasimamizi wa viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania na PCPB kwa Kenya, wana mamlaka ya kuingia dukani na kukagua. Duka linalouza sumu kali linapaswa kuwa na daftari lenye jina la mnunuzi, namba ya kitambulisho na zao analolilima, na anayepima punje kwa kijiko na kuzifunga kwenye karatasi ya daftari la shule anapaswa kufungiwa biashara siku hiyohiyo. Polisi nao waanze kuandika. Kituo chenye taarifa tano za mbwa waliolishwa sumu katika kata moja, kila moja ikiwa na tarehe, mtaa na jibu la mkemia, kinajua ni nyumba zipi wezi wanazilenga, wanapita usiku gani, na ni duka lipi la kwenda kuuliza kwanza.